Kinachozama Si Chetu

Zuhura alisubiri watu wamalize kula ndipo akaniuliza. Tulikuwa Kimbiji, siku ya pili ya msiba wa mama yake, Bi Hidaya, wanawake tumejaa ukumbini juu ya mikeka, sinia zimeshaondolewa na harufu ya pilau bado imeshika kwenye kanga zetu. Mie nilikuwa nimetoka Boko alfajiri, nimevuka kivuko, barabara ya huko imenitikisa mpaka kiuno kimekufa ganzi, na nilipofika nilikaa karibu na mlango kama mtu aliyekuja kuomba maji tu aondoke. Zuhura mwenyewe ni mtu mzima sasa, ana mjukuu. Akajisogeza, akainama sikioni kwangu. "Da Tatu, nikuulize kitu, na tafadhali usinifiche, maana wewe ulikuwepo. Ni kweli mama alizitia zile chenga za plastiki mwenyewe?"

Wallahi nilitaka kupiga kelele. Si kumpigia Zuhura, maskini ya Mungu, yeye kosa lake nini? Nilitaka kumpigia mtu ambaye alishakufa, na mwingine ambaye sijui aliko, na kuliko wote hao, Tatu yule wa miaka ile, msichana wa miaka ishirini na mbili mwenye kanga iliyolowa na kiburi kisicho na kichwa wala miguu. Zaidi ya miaka thelathini nilijidanganya kwamba uongo ule tuliuacha Mikocheni, umefukiwa chini ya maghorofa. Kumbe ulivuka nao. Ulihamia Kimbiji, ukakaa humu ndani, ukala nao, na mtoto aliyemwosha mama yake jana kwa mikono yake mwenyewe alimwosha huku hajui kama anamwosha mkweli au mwongo. Nikamwambia, "Hapana, mdogo wangu. Hakuzitia. Lakini jibu la mdomo halikutoshi. Kesho maji yakipwa, kabla ya hitma, nitakuonyesha." Akaniangalia, akaenda kukusanya vikombe vya chai.

Ya kwetu Temeke nayaacha, hayahusu. Ninachosema hapa ni mwaka mmoja tu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipopata kibarua Mikocheni na nikapanga chumba kwa Bi Hidaya. Nyumba yake ilikuwa ya zamani, ya wenyeji wenyewe, mawe na udongo na chokaa juu, imebanwa: huku ukuta wa gereji, huku ukuta wa tajiri uliopandwa vipande vya chupa. Chumba changu kilikuwa cha uani, dirisha dogo la mbao, kitanda cha kamba, na harufu ya pwani isiyotoka hata ufukize udi. Mume wake marehemu alikuwa mvuvi wa nyavu, na vitu vyake vilikuwa bado vimetundikwa ukumbini: wavu, makasia, na kamba ndefu ya vilezi, yale maboya madogo ya kushikilia wavu usizame, ambayo marehemu aliyakata kwenye kandambili kuukuu. Mie nilikuwa navipita vile vilezi kila siku nikienda kuoga. Kila siku! Jibu lote lilikuwa limetundikwa pale ukutani, na mie nalipita nimeshika kopo la maji na kipande cha sabuni.

Asiyeikumbuka miaka ile afahamu kwamba plastiki ilipokewa kama bibi harusi. Biashara zimefunguliwa, maduka yaliyokuwa na rafu tupu yamejaa, na kila mtu anataka ndoo ya rangi, beseni la rangi, dumu, kandambili. Tulivipenda, msinidanganye. Bi Hidaya mwenyewe alikuwa na beseni jekundu ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulifulia nguo. Sasa vitu hivyo vikivunjika vilikwenda kwa bosi wetu. Jina lake silitaji, ana watoto na wajukuu wasio na kosa. Alikuwa na banda la mabati kando ya mto, na ndani yake mashine ya kusaga iliyopiga kelele mpaka tukawa tunaongea kwa mikono. Ndoo inaingia nzima, inatoka chenga, punje punje kama chenga za mchele, za buluu, nyekundu, kijani. Nyingine zinakuwa unga kabisa, unashika kwenye nyusi. Kazi yetu sie wanawake tisa ilikuwa kuosha.

Palikuwa na matangi mawili ya saruji yaliyojaa maji ya kisima. Unamwaga chenga, unakoroga kwa mti, unasubiri. Plastiki ya ndoo na madumu inaelea. Vipande vya mabomba, soli nzito, mchanga, takataka, vyote vinakwenda chini. Kinachoelea unakichota kwa kipande cha chandarua, unakianika, kinauzwa kikatengenezwe ndoo upya. Kinachozama kinazolewa kwa koleo kinatupwa. Tulikuwa na wito wetu wa kukorogea, mmoja anaanza na wengine wanaitikia: "Kinachoelea?" "Chetu!" "Kinachozama?" "Si chetu!" Rehema wa Kondoa, aliyekuwa hana adabu hata kidogo, akiona mwanamume mtanashati anapita njiani atapaza sauti, "Jamani, huyu anaelea!" na tisa sote tunaangua kicheko. Mie nilikuwa bingwa. Chenga moja tu, naiuma kwa meno ya mbele, naitupia majini, nakwambia hii ilikuwa dumu, hii ilikuwa bomba. Bosi akawa ananiita Profesa. Na mie, mjinga wa kuzaliwa, nikajiona profesa kweli. Jioni tulikuwa tunachomoa kizibo, maji machafu yanakwenda mferejini na mferejini yanakwenda mtoni, na ule unga wote uliopenya chandarua unakwenda nayo. Hakuna aliyeuliza. Utauliza nini, nawe uko kazini na unataka kurudi kesho?

Bi Hidaya alikuwa na shamba, nalo lilikuwa tope. Mto ulipomwaga baharini palikuwa na mikoko na uwanja mpana wa matope, na maji yakipwa alishuka na kikapu na kisu butu, anainama, anachokoa kombe, wale viumbe wa magamba mawili wanaojizika humo. Kila mwenyeji alijua kipande kile ni chake, amekirithi kwa mama yake. Kombe nyingine aliuza sokoni, nyingine tulikula. Nikirudi kazini nakuta zimechemshwa, zimetolewa magamba, zimerudishwa kwenye tui zito lenye ndimu na pilipili, na wali umefunikwa kawa. Tunakula sinia moja. "Kula, Tatu, umekonda kama huo mti wenu wa kukorogea." Hakuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini akishiba alikuwaga anaongea, na mie nilikuwa nasikiliza nusu. Siku moja nilimkuta ameshusha vile vilezi vya marehemu, anavikwangua ukoko mweupe kwa kisu. Nikamuuliza anahangaika nini na kandambili za marehemu.

"Hivi si vinaelea?" akasema. "Basi viache baharini wiki tatu, nne, uone kama wavu haushuki. Bahari haiachi kitu uchi, mwanangu. Kila kinacholala ndani yake itakivisha. Kwanza utelezi, halafu ukoga, halafu hawa wadudu wa magamba. Nguo zikizidi, kinazama. Marehemu alikuwa kila mwezi anavivua nguo, anavianika."

Nikasema, "Aa," nikaenda kuangalia kama tui limechemka. Ndivyo nilivyokuwa.

Masika ya mwaka ule yalikuja na chuki. Ilinyesha siku tatu mfululizo, mto ukala kingo zake, ukuta wa nyuma wa banda ukaanguka, na magunia ya chenga zilizokwisha kuoshwa yakapasuka na kubebwa. Asubuhi mto ulikuwa wa buluu. Sipambi maneno, ulikuwa wa buluu, wenye mistari myekundu, chenga zimetanda juu ya maji toka darajani mpaka mlangoni mwa bahari. Watu walisimama kando wameshika vichwa. Bosi akaja na gari, akatugawia vyandarua, tukaingia majini mpaka kifuani siku mbili nzima tunachota, na tulichokipata hakikufika hata robo. Zilizobaki tulizitazama zinavyokwenda. Lakini baada ya wiki zikapungua. Baada ya mwezi na kitu, huoni hata moja, maji yanapita yamenyooka. Bosi alisimama darajani na mwenyekiti wa mtaa, mikono kiunoni. "Bahari kubwa hii, Mwenyekiti. Imeshajisafisha." Na sie tukapumua, maana tulikuwa tunaogopa banda litafungwa.

Zilikwenda wapi? Hilo swali, ambalo mtoto akipoteza kandambili moja mama yake atamuuliza, mtaa mzima wa watu wazima haukujiuliza. Mtu akiwa hataki kujua jambo, macho anayo na hayamsaidii kitu. Tulipenda tu kwamba hatuzioni.

Halafu kombe zikaanza kusagika mdomoni. Siku ya kwanza nilidhani ni mchanga. "Leo hukuziosha vizuri, Bi Hidaya," nikasema, na aliniangalia kwa jicho ambalo sijalisahau, maana mwanamke aliyechokoa kombe tangu utoto haambiwi hajui kuziosha. Akatema kwenye kiganja. Punje tatu, zina utelezi wa kijani na tope. Akazipangusa kwa ncha ya kanga, moja ikawa ya buluu. Wiki zilizofuata ikawa kila sinia. Sokoni wateja walianza kumrudishia bakuli, na mwanamke mmoja akasema mbele ya watu kwamba Bi Hidaya anachanganya takataka kombe zionekane nyingi. Hilo ndilo lililomuuma. Alirudi akakaa ukumbini na kikapu kimejaa, hakukipeleka hata jikoni.

Alinitaka niende naye nikaone tope. Nikasema nimechoka. Akanieleza basi pale pale, akionyesha kwa vidole kwenye sinia. "Maji ya mto yakikutana na chumvi, tope lake linakatika kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Linafanya mabonge laini, linashuka. Chenga zenu zimeshavaa utelezi, tope limezing'ang'ania, zimeshuka nalo. Na kombe anakunywa maji yale yale. Asichokitaka anakizungushia makohozi, anakitema chini. Kule chini kumejaa, Tatu. Nikichimba kwa kiganja natoa chenga."

"Bi Hidaya, plastiki haizami," nikamwambia. Kwa upole, kama unavyomweleza mtoto! "Mie ndiyo kazi yangu. Hii ya ndoo haizami hata uikanyage."

"Unajua ya kwenye tangi."

"Maji ni maji, Bi Hidaya."

Akacheka kidogo, akaosha mkono. Akasema hataki fidia wala ugomvi. Anataka mambo mawili: mfereji wa banda uchimbiwe shimo na uwekewe wavu, maji yatulie kabla hayajaingia mtoni, na bosi aseme mbele ya watu kwamba chenga ni zake, yeye asiitwe mchafu. Alikwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi, akaenda kwa mwenyekiti, na kote akajibiwa aende, ataitwa.

Siku moja nilikuwa naanika vyandarua nyuma ya ofisi ya bosi, ofisi yenyewe ukuta wa ubao tu, nikamsikia mwenyekiti ndani. "Yule mama atafika wilayani, mie namjua. Itabidi tukae baraza." Bosi akacheka, nikasikia kijiko kinazunguka kwenye kikombe. "Tukae. Wewe ita watu. Mie ninaye Profesa wangu, tena anakaa nyumba hiyo hiyo, anakula sinia hiyo hiyo. Akisema yeye, nani atabisha?" Mtu mwenye akili angetupa chandarua chini akaondoka. Mie moyo ulinifura kwa fahari, ndiyo nasema kweli, nilifurahi kutajwa. Baadaye akaniita, akanipa soda baridi, akaniambia nafasi ya usimamizi iko wazi na anamtazama mtu. "Sitaki useme uongo, Tatu. Uongo mbaya. Waonyeshe tu unachokijua." Mpaka leo hasira zangu hazipati pa kumshika mtu yule, kwa sababu kweli hakuniomba uongo. Alijua ujinga wangu utamtosha.

Baraza lilikaa Jumamosi baada ya Alasiri, uwanja wa shule, meza moja ya mwalimu na watu wamejaa mpaka kwenye madirisha. Zuhura hakuwepo, alikuwa bweni Morogoro anasoma. Bi Hidaya alivaa baibui jipya. Alisema yake kwa ufupi, bila kulia, bila kumtukana mtu. Ndipo mwenyekiti akanisimamisha. Nilikuja na beseni langu na gunia la chenga. Nikajaza maji bombani, nikaliweka mezani, nikatia konzi moja ya chenga. Zikaelea. Nikazikandamiza chini kwa viganja viwili, nikaziachia, zikaruka juu. "Mnaona?" nikasema, na sauti yangu ilikuwa tamu, najua, naisikia mpaka sasa. "Hizi ndizo zetu. Hata uzilaze chini, haziwezi kulala." Watu wakapiga makofi. Makofi, kwa beseni la maji!

Bi Hidaya akasimama. Akafungua fundo la kanga yake, akatoa konzi ya kitu cha kijani na tope, akaja mpaka mezani, akakitia kwenye beseni langu. Zikazama zote. Zikalala chini pale, kimya. Kwa sekunde mbili hivi uwanja ulinyamaza, na naapa nilidhani ameshinda. Halafu mwenyekiti akapiga meza. "Si mnaona wenyewe? Za kiwandani zinaelea, zake zinazama! Njia ya mwongo fupi, jamani! Profesa, hizi ni zenu?" Na Rehema, Mungu amsamehe, kwa utani wake tu, akapaza sauti kutoka nyuma, "Kinachozama?" na wale wenzangu saba wakaitikia kwa mazoea, "Si chetu!" Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Nikasema, "Si zetu."

Bi Hidaya hakupaza sauti. Aliinama upande wangu, nikasikia harufu ya udi kwenye baibui lake. "Zioshe, Tatu," akaniambia. "Chukua sabuni, zisugue, halafu zitie tena."

Bomba lilikuwa hatua kumi. Kipande cha sabuni kilikuwa pale pale kwenye saruji, cha watoto wa shule. Mie, ambaye kazi yangu duniani ilikuwa kuosha plastiki, ambaye nilikuwa naosha plastiki toka asubuhi mpaka jioni siku sita kwa wiki, niliambiwa nioshe konzi moja. Nikamtazama bosi. Bosi alikuwa anatazama saa yake. Nikamgeukia mwanamke aliyenilisha mwaka mzima nikamwambia, kwa sauti watu wakasikia, "Bi Hidaya, basi, tusiaibishane."

Akarudi kukaa. Bosi akasimama, akasema kwa masikitiko kwamba yeye hamlaumu mama huyu, njaa ni mbaya, mtu anaweza kuokota chenga kando ya mto akazitia kwenye kombe zake mwenyewe apate chochote. Mwenyekiti akaandika kwamba shauri limekwisha. Kuanzia Jumatatu watoto walimwita Bi Chenga, na baada ya watoto, wakubwa.

Jioni ile alinipakulia muhogo wa nazi kama kawaida. Kombe hazikuwepo, na hazikuwepo tena. "Ulisema unachokijua," akaniambia. "Sina neno." Heri angenichapa kofi. Beseni langu nililiacha uani na maji yake na zile chenga za Bi Hidaya chini, kwa uvivu tu, na siku ya tatu nikaenda kulimwaga. Sijui kilichonizuia mkono. Nilichukua sabuni ya mche, nikazitia kiganjani, nikazisugua. Utelezi ukatoka, ukaingia kwenye kucha, unanuka tope la mikoko, na chini yake ikatoka buluu ile ile, ile ninayoijua kama ninavyojua vidole vyangu. Nikamwaga maji, nikatia mengine, nikazidondosha. Zikashuka kidogo, zikasita, zikapanda juu moja moja. Nilikaa chini uani, kwenye maji, kanga na vyote.

Nikamwambia Bi Hidaya siku ile ile. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. "Mie nilijua, Tatu. Waambie wao." Nikasema nitawaambia. Asubuhi nikaenda kwa bosi nikamweleza kila kitu, na alinisikiliza mpaka mwisho, lazima niseme hivyo. Akauliza kitu kimoja: "Nani mwingine anajua?" Nikasema, mie na Bi Hidaya tu. "Basi yameisha. Msimamizi hana muda wa kuchezea maji." Nikatoka mle ofisini nikiwa msimamizi. Kwa mwenyekiti sikwenda. Wenzangu sikuwaambia. Kila siku nilisema kesho, na kila jioni nilikaa kwenye sinia la yule mama naye hakuniuliza hata mara moja. Baada ya Idi aliuza nyumba, akahamia kwa jamaa zake Kimbiji, akaanza upya kwenye tope la watu. Nilimsaidia kubeba vitu mpaka kwenye gari. Vile vilezi alivivaa begani mwenyewe.

Banda lilifungwa miaka mingi iliyopita, bosi alizikwa kwa heshima, na pale kwenye mfereji sasa pana maegesho. Mie nimezeeka na redio yangu. Mwaka jana nikasikia humo kijana mmoja anaeleza kwa sauti ya kupendeza kwamba wataalamu wamegundua plastiki ndogo zinazoelea huota utelezi, zikashikana na tope, zikazama. Wamegundua! Nilirusha kandambili, ikaipiga redio, mjukuu wangu akadhani nimeona nyoka. Bi Hidaya aligundua kwa kisu butu na kikapu, akaenda kuwaambia mbele ya mtaa mzima, na malipo yake yakawa jina la kejeli. Nilikusudia kwenda Kimbiji wiki ile ile nimpelekee habari. Nikasema kesho. Ndivyo nilivyo, inaonekana sikubadilika, mpaka nikapigiwa simu ya msiba.

Asubuhi ya hitma maji yalikupwa mapema. Mie na Zuhura tulishuka kijitoni, kwenye mikoko, kanga tumezifunga magotini. Hatukutafuta sana, na hilo nalo linanikera, kwamba hata Kimbiji huhitaji kutafuta sana. Nilichimba kwa kiganja mara nne tu, nikapata konzi ya vipande vyenye utelezi, vidogo kuliko punje za mtama vingine. Tukarudi uani. Zuhura akatoa beseni, na lilikuwa lile lile jekundu, limepauka, lina ufa ulioshonwa kwa uzi wa nyavu juu ya ukingo. Akalijaza maji ya kisima. Nikatia vile vipande, vikazama.

Uso wake ukaanguka. "Ndivyo walivyosema," akanong'ona. "Ndivyo nilivyosimuliwa niliporudi toka bweni. Kwamba zake zilizama."

"Zioshe," nikamwambia, nikampa sabuni.

Akazisugua kwa muda mrefu, taratibu, kwa uangalifu uleule ambao najua alimwoshea mama yake. Akabadilisha maji. Akafungua kiganja. Zikashuka kidogo, zikasita, zikapanda. Kwanza nyeupe mbili, ya kijani, na moja ya buluu, nyingine zikafuata. Akaikandamiza ile ya buluu kwa kidole, ikapanda. Akaikandamiza tena. "Mie nilimwambia aache uongo," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimechoka kuchekwa. Nilimwambia, mama, kama ulizitia sema tu yaishe. Aliendelea kukuna nazi." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Halafu akaniangalia, kwa jicho lile lile la mama yake. "Na wewe, Da Tatu, ulilijua hili tangu lini?"

Ningeweza kusema tangu redio. Lilinijia mdomoni, nakiri.

"Tangu siku ya tatu," nikasema.

Mkono wake ulikuwa bado umo majini. Ukumbini walikuwa wameshaanza kukusanyika kwa hitma, sauti za wanawake zinatufikia, na wengi wao walikuwa watu wa Mikocheni ya zamani, waliovuka kuja kumzika. Zuhura akasimama, akalinyanyua beseni, akaniwekea mikononi.

"Wamo ndani wote," akasema. "Waambie wao."

Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Nikalibeba, maji yananimwagikia kwenye kanga, nikaingia.